Anamwambia nani? Wajane wawili na sauti ya mhusika wa kike

Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, mama mmoja mgonjwa alimwita binti yake asogee mbele, aketi, na aje na wino na karatasi. Mama ni Mwana Kupona binti Msham, binti ni Mwana Hashima, na maneno yaliyofuata ndiyo utendi wa beti 102 ambao hadi leo haujafa vinywani mwa watu. Mume wa Mwana Kupona, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa ameshafariki. Yeye mwenyewe alifuata miaka miwili hivi baadaye.

Shuleni tumezoea kuusoma utendi huo kama mawaidha ya ndoa. Leo nataka tuusome kama watunzi, tuutazame jinsi fundi anavyotazama mlango wa fundi mwenzake: umeshikwa na nini, na misumari imepigwa wapi.

Chukua beti tatu za mwanzo. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani (silabi) 8, kwa hiyo zote tatu zina mizani 96. Ubeti wa kwanza unamwita binti na kumtambulisha kuwa bado hajui mengi. Wa pili unasema maradhi yamemshika mama hata mwaka umetimu. Wa tatu unamketisha mtoto mbele na kumwekea wino na karatasi. Hapo hakuna hata wasia mmoja uliotolewa, lakini tayari tunajua nani anasema, anamwambia nani, kwa nini anasema sasa na si mwaka jana, na maneno yatahifadhiwa vipi. Riwaya nyingi zinafika ukurasa wa 40 bila kujibu maswali hayo manne.

Ndiyo maana, mtu akiniuliza mhusika wa kike anaandikwaje, simpi orodha ya sifa: jasiri, msomi, mwenye msimamo. Sifa hizo hazizai sauti. Namuuliza: huyu mwanamke anamwambia nani? Muswada wenye mhusika wa kike asiyeaminika una dalili zinazofahamika. Ukurasa wa kwanza anajitazama kwenye kioo ili mwandishi apate nafasi ya kueleza macho, shingo na kiuno. Sura ya tatu hadi ya kumi anateswa. Sura ya mwisho anatoa hotuba. Chanzo cha yote matatu ni kimoja: hakuna mtu anayezungumza naye, kwa hiyo mwandishi anamgeuza picha ya kutazamwa, kisha kesi ya kuhurumiwa, kisha mimbari. Mpe msikilizaji mmoja mwenye jina na kioo kitajiondokea chenyewe. Nani anamwandikia shoga yake wa utotoni kumweleza rangi ya macho yake mwenyewe?

Kuna jambo jingine kwa Mwana Kupona ambalo wasomaji wa haraka huliruka. Anamwusia binti yake, lakini mbele kwenye utendi anawageukia wanawake wote na kuwataka wasome wafahamu maana. Ana msikilizaji wa mbele, aliyeketi na kalamu, na wasikilizaji wa nyuma ya pazia. Wa mbele ndiye anayeamua sauti: upole wake, ukali wake, mambo yanayoweza kusemwa waziwazi. Wa nyuma wanapata kila kitu kwa kudokoa. Ukiwaweka wa nyuma mbele, ukawaandikia "wanawake wa Afrika" au "jamii" moja kwa moja, unapata risala. Najua wapo wanaokwazwa na mafunzo yake ya kumtii mume, na wana haki ya kubishana nayo. Hata hivyo tazama anavyoyashuhudia: anarudi kwenye ndoa yake mwenyewe na baba wa binti huyo, jinsi walivyokaa kwa furaha na heshima. Hazungumzi kwa sababu vitabu vimesema. Anazungumza kwa sababu ameishi. Mamlaka ya mhusika wa kike huanzia hapo, ukubaliane na maneno yake au usikubaliane.

Sasa tuvuke bara na miaka 121. Mwaka 1979, mjini Dakar, Senegal, Mariama Bâ, mwalimu aliyezaliwa 1929, alitoa riwaya yake ya kwanza kwa Kifaransa. Mwaka uliofuata ikawa ya kwanza kupewa tuzo ya Noma, ya vitabu vinavyochapishwa Afrika. Mwaka 1981 akafariki, na riwaya yake ya pili ikatoka yeye hayupo. Kwa Kiswahili ile ya kwanza inaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Ni kitabu chembamba, cha kusomwa kwa jioni mbili, na kwa mtunzi ni kama darasa la mwaka mzima. Nayo ni maneno ya mjane. Ramatoulaye, mwalimu, mama wa watoto 12, amefiwa na mumewe Modou, ambaye miaka mitano kabla alikuwa ameoa Binetou, msichana aliyesoma na binti yao Daba. Akiwa ndani ya eda anamwandikia rafiki yake Aïssatou.

Kwa nini Aïssatou? Angeweza kumwandikia Daba, angeweza kuandika shajara, angeweza kumlilia Mungu. Bâ alichagua mtu mmoja tu ambaye mbele yake maneno ya Ramatoulaye hayawezi kuwa mepesi. Aïssatou alipita mtihani huohuo: mumewe Mawdo alioa mke wa pili, naye akachukua watoto wake akaondoka, akasomea ukalimani, akafika kufanya kazi kwenye ubalozi wa nchi yake huko Marekani. Ramatoulaye alibaki. Kwa hiyo kila anapoeleza lolote, hata habari za kupika au kwenda sinema peke yake, chini yake kuna swali lisilotamkwa: wewe uliondoka, mimi nilibaki, je, nilikosea? Mwandishi hahitaji kuandika "moyo wake uligawanyika". Mgawanyiko umeshawekwa kwenye anwani ya barua.

Jaribu mwenyewe. Chukua tukio moja, liandike mara tatu, kila mara maneno 150 hadi 200, ukibadilisha msikilizaji tu. Tuseme wazee wamekuja kumpa mwanamke habari kuwa mumewe ameoa. Kwa shoga yake: "Walikuja wawili, kanzu zimenyooshwa pasi kama siku ya Idi. Nikawatilia chai. Nimewatilia chai, unanisikia? Na kaimati nikawaletea." Kwa kadhi: "Walifika saa kumi alasiri. Niliwapokea. Walinieleza kwamba mume wangu amefunga ndoa siku hiyohiyo." Kwa binti yake wa miaka kumi: "Baba zako wadogo walikuja kunisalimu. Wakanywa chai, wakaenda zao." Tukio ni lile lile. Lakini aibu ya kutilia chai inatoka mbele ya shoga tu, saa inatoka mbele ya kadhi tu, na uongo wa huruma unatoka mbele ya mtoto tu. Ukimaliza matoleo matatu, pigia mstari kila kitu kilichojitokeza mara moja tu. Toleo lenye mistari mingi zaidi ndilo lenye msikilizaji wako.

Msikilizaji anayejua mengi ana tatizo lake, na hapa ndipo barua nyingi za kubuni huvunjika. Rafiki wa miaka 30 anayajua tayari unayotaka msomaji ayajue. Mwandishi akibanwa huandika "kama unavyojua, mume wako aliitwa fulani, nanyi mlikuwa mkiishi mahali fulani". Sauti inakufa papo hapo. Bâ analazimika kusimulia ndoa ya Aïssatou, tena kwa Aïssatou mwenyewe. Anafanyaje? Anampa yale ambayo Aïssatou hakuweza kuyaona: safari ya mama mkwe wake, aliyeona damu yake ya kifalme imechafuliwa na binti wa sonara, alivyokwenda kwa jamaa zake kumchukua Nabou mdogo, akamlea, akamsomesha, akamtayarisha kuwa mke wa Mawdo. Rafiki anaelezwa upande wa pili wa jeraha lake. Sisi tunaosikiliza nyuma ya pazia tunapata habari zote bila kulishwa kwa kijiko.

Kanuni ninayoitumia ninaposoma muswada ni hii: mtu anayejua aelezwe alichokosa kuona, au alichokiona tofauti, au kile kinachouma kiasi kwamba lazima kisemwe tena. Kingine chochote kikate. Na tafuta "kama unavyojua" kwenye faili lako. Ikitokea zaidi ya mara moja, msikilizaji wako ni wa karatasi.

Kisha kuna eda. Miezi minne na siku kumi, yaani takriban siku 130. Msomaji wa Lamu, Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa uzito wake. Wahakiki wengi huiona kama mandhari ya utamaduni. Mimi naiona kama mashine, na nafikiri ndiyo sehemu ya kitabu iliyofikiriwa kwa werevu mkubwa kuliko zote. Eda ni saa, kwa sababu ina mwisho unaojulikana na msomaji anahesabu. Eda pia ni chumba, kwa sababu mjane hatoki. Asiyetoka hawezi kuifuata hadithi, basi hadithi inabidi imjie mlangoni: wakwe, wazee, wachumba, watoto wenye matatizo yao. Kila anayebisha hodi ni onyesho jipya, na mwandishi hahitaji kutafuta kisingizio cha kumhamisha mtu kutoka mahali hadi mahali.

Ukitaka kuiga ufundi huo bila kuiga kitabu, tafuta saa nyingine yenye chumba. Tunazo nyingi: arobaini ya mzazi, siku saba za fungate, kipindi cha kulazwa wodini, basi la usiku linalovuka nchi nzima, msimu wa kulinda mpunga shambani dhidi ya ndege. Chora mstari kwenye karatasi, andika siku ya kwanza na ya mwisho, kisha weka alama sita hadi nane za hodi. Kila hodi iandikie jina la anayeingia na kitu kimoja anachokuja kukitaka. Asiyetaka kitu, mfute, hata kama unampenda. Katika rasimu, andika juu ya kila sura namba ya siku. Utaifuta baadaye, lakini bila hiyo saa husimama katikati ya kitabu, na msomaji anapoacha kuhesabu siku taharuki inalegea.

Siku 130 ndani ya nyumba zingechosha kama Bâ hangepata njia ya kurudi nyuma. Kisengere nyuma kibaya ni kile kinachoanza kwa "alikumbuka siku ile", mhusika ameketi, anatazama dirishani. Bâ alitumia mirathi. Katika desturi anayoieleza, kugawa urithi kunataka mambo ya marehemu yafunuliwe, madeni na siri pamoja. Basi mjane anapata ruhusa ya kisheria ya kufungua miaka yote 30 ya ndoa. Na siri ya kwanza inayotoka ni ya hesabu: nyumba aliyonunuliwa Binetou ililipwa kwa mkopo wa benki, na dhamana ya mkopo huo ilikuwa nyumba anayokaa Ramatoulaye, ambayo yeye na mumewe waliipata kwa akiba ya wote wawili. Hati tu ndiyo yenye jina la mume. Sentensi moja ya rehani inatuambia usaliti kuliko kurasa kumi za machozi. Waandishi wetu, nawasihi, msiogope hesabu. Kodi ya pango, ada ya shule, bei ya kilo ya unga, nani amesaini wapi. Mwanamke anayejua hesabu za nyumba yake, na anayezitaja, ni mtu kamili tayari.

Kwa kisengere nyuma chako, weka mkononi mwa mhusika kitu kinachohitaji maelezo: risiti, hati, kanga yenye jina lisilomhusu. Kirudie kitu hicho kabla kurasa mbili hazijaisha. Mkono ukisahaulika hewani kwa kurasa kumi, ni bora zamani hizo ziwe sura inayojitegemea.

Nimeacha kwa makusudi onyesho ambalo kila mtu hulitaja, kwa sababu haliwezi kueleweka bila kuhesabu kimya kilicholitangulia. Siku Modou alipooa, walikuja watatu kumweleza Ramatoulaye: imamu, Tamsir ambaye ni kaka wa mumewe, na Mawdo. Alijikaza, akawashukuru. Baada ya arobaini ya Modou wanakuja walewale watatu, safari hii Tamsir akitangaza kwamba eda ikiisha atamwoa yeye. Hapo ndipo anapolipuka. Anasema kimya chake kimefika miaka 30, na msomaji anaamini kwa kuwa amekuwepo kikihesabiwa.

Kosa la kawaida ni kumfanya mhusika wa kike ajibu vikali tangu ukurasa wa tano ili msomaji ajue ni jasiri. Baada ya hapo hana pa kwenda, maana kila jibu linalofuata ni kelele juu ya kelele. Weka daftari la kimya. Orodhesha mara tano anazomeza maneno, na kwa kila moja andika gharama yake: alipoteza pesa gani, usingizi gani, rafiki gani. Kimya kisicho na gharama ni unyonge tu na hakijengi chochote. Mara ya sita mwache aseme, tena ikiwezekana mbele ya watu walewale, kwenye viti vilevile.

Lakini onyesho ninalolipenda zaidi ni jingine. Baada ya Tamsir anakuja Daouda Dieng, daktari, mbunge, mtu mwungwana aliyempenda tangu usichana. Anamheshimu, na msomaji naye anamtaka ashinde. Ramatoulaye anamkataa kwa barua, kwa sababu ana mke na watoto, na yeye anajua maumivu yanayomsubiri mke huyo. Kumkataa mbaya hakumgharimu mhusika chochote. Tunamjua pale anapokataa jema. Kama muswada wako una mwanaume mlevi anayepiga na mwanamke anayetoroka, ongeza ofa moja nzuri kweli, yenye faida halisi, na umwache aikatae au aikubali kwa sababu zake mwenyewe. Wahusika wengi wa kike wanaonekana bapa kwa sababu uchaguzi wote waliopewa una jibu moja.

Neno kuhusu lugha yenyewe, kwa kuwa hapa Kiswahili kina mtego wake. Kiambishi "a-" hakisemi ni mwanamke au mwanaume. "Alimfungulia mlango, akamtazama, akamwambia aingie. Alisita." Nani kasita? Kwa nafsi ya tatu, onyesho lenye watu wawili linahitaji jina au cheo cha ukoo angalau mara moja kila aya: mama mkwe, wifi, bi mdogo, yule binti. Vyeo hivyo vina faida kuliko majina kwa sababu vinabeba uhusiano: "wifi yake alisita" imeshasema mengi. Na mtego huohuo ni zawadi. Unaweza kumwandika daktari, nahodha au mwenyekiti wa kijiji kwa kurasa mbili bila kufichua jinsia, kisha kanga moja begani ikamgeuza msomaji kichwa. Ila ufanye mara moja tu katika kitabu, ukirudia kinakuwa kichekesho.

Na miito. Mwana Kupona humwita mtoto wake pale anapobadili jambo. Jina la Aïssatou nalo hurudi barua inapopinda. Mwito ni bawaba. Ukiandika "shoga yangu" kila aya, bawaba inalia. Uweke pale hisia inapogeuka, hata kama ni kurasa tatu bila mwito. Usiisafishe sana lugha pia. Mwana Kupona hakumwambia binti yake "njoo mbele", alimwambia "ndoo mbee", kwa Kiamu cha nyumbani kwake. Mhusika wa Mombasa, wa Tabora na wa Lubumbashi hawaombi maji kwa namna moja. Chagua maneno matano au sita ya mahali pake na uyatumie bila kuyafafanua, badala ya kujaza lahaja kila mstari hadi msomaji achoke.

Wapo wengine wa kusomwa kwa jicho hili la fundi, na nitawapitia kwa haraka. Penina Muhando, katika tamthilia ya Nguzo Mama ya 1982, anampa Bi Msimulizi kazi ya kuwasemesha watazamaji moja kwa moja, na inafaa kuangalia ni lini anawageukia na ni lini anawaacha wanawake wa kijiji wabishane wenyewe. Zainab Burhani na Clara Momanyi pia nawahimiza msome mkiwa na penseli mkononi.

Rudini tena mwisho wa barua ya Ramatoulaye, kurasa mbili za mwisho. Aïssatou anakuja kesho. Msikilizaji aliyekuwa mbali kitabu kizima sasa ataingia mlangoni kwa miguu yake, na sauti inabadilika palepale: inakuwa nyepesi, karibu ya utani. Ramatoulaye ameshawekeana dau na Daba juu ya atakavyovaa mgeni, suti au gauni refu. Anakisia kwamba, kwa kuzoea ughaibuni, atataka meza, kiti, sahani na uma.